Redio Isiyokula Betri

Ksawery aliikuta redio ya babu yake ndani ya mzinga uliokwisha hamwa na nyuki, ilimofichwa tangu vita vya Wajerumani. Wiki nzima alisugua kutu, akasuka koili upya kwa waya wa shaba, akaosha kwa spiriti kijiwe chake cheusi cha kunasia mawimbi. Waya mmoja akautundika mtini, mwingine akaufunga kwenye bomba la maji.

"Betri unatia wapi?" akauliza dada yake Bogumiła, mwiko mkononi.

"Haili betri, dada. Inakula mawimbi ya hewani."

"Ina nafuu kuliko wewe. Wewe unakula sufuria."

Ksawery alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya zimamoto kijijini, mpaka mtungi wa gesi ulipolipuka ukaliua sikio lake la kushoto. La kulia ndilo pekee alilobaki nalo.

Saa sita mchana akavaa hedifoni, akaligusagusa jiwe kwa ncha ya sindano. Likaingia tarumbeta la mnarani Kraków, ambalo Poland nzima hulisikia redioni kila adhuhuri likikatwa katikati, pale pale, kwa kuwa mlinzi wa kale, wasema wazee, alipigwa mshale wa koo kabla hajamaliza kupiga hadhari.

Likafika pale. Halikukatika. Noti tatu zaidi, laini, ndani ya sikio lililokufa.

"Dada, njoo!"

Bogumiła akasikiliza. "Nasikia bei ya ngano tu. Mdogo wangu, umekunywa nini?"

Kesho yake zikawa noti tano. Siku ya tatu, saba. Jioni hiyo Ksawery akaona saa ya ukutani imenyamaza; akaisogelea, kumbe pendulo inacheza. Kuku uani wakipanua midomo tu. Sauti ya dada yake ikamjia nyembamba kama ya mbu.

"Inanila mimi," akasema polepole.

"Itupe motoni!"

"Imebaki noti moja. Mpiga tarumbeta hujua wimbo unapotaka kutua. Hakuna aliye hai aliyeusikia ukiisha."

"Na ukiisha," akamfokea sikioni, "mimi nitaongea na nani? Na kabichi?"

Siku ya nne akavaa tena. Wimbo ukavuka pale pa mshale, ukapanda, ukasimama. Kisha Ksawery akasikia mtu akivuta pumzi, na pumzi ikivuja kwa mluzi, kama ya koo lenye tundu. Aliitamani noti ile ya mwisho kama mwenye kiu. Ng'ambo ya meza midomo ya Bogumiła ilikuwa ikienda mbio, bila sauti hata chembe.

Akazing'oa hedifoni.

"Nitukane, dada."

Bogumiła akainama kwenye sikio la kulia, akaanza na pua ya mdogo wake, akashuka tumboni, akapitia ndoa yake iliyovunjika. Matusi yalimfikia vipande vipande, kama watu wazungumzao ng'ambo ya mto.

"Kwa nguvu zaidi," akasema Ksawery. "Hapo kwenye tumbo sikupata."