Kompyuta ya Fundi Waya

Fundi Waya aliacha kazi siku mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka na tone la risasi ya kulehemu likaangukia ndani ya redio ya mteja. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa amefungua redio, televisheni na mashine za kupiga chapa, na ni nadra kitu kuingia dukani kwake kikiwa bubu kikatoka bubu. Sasa alifunga duka, akaihamishia meza yake ya kazi sebuleni, akawa anaitazama kutwa kama anayemlinda mgonjwa.

Mkewe, Mama Pacha, ambaye ni mshonaji, alimvumilia wiki tatu. Ya nne akampigia simu kitinda mimba wao, mwalimu wa chuo cha ufundi.

"Njoo umwone baba yako. Leo ananifundisha kutunga uzi kwenye sindano. Mimi!"

Binti akaja na kompyuta yake ya zamani. Ndani yake mlikuwa na gemu la kujenga: ulimwengu mzima wa vitofali, wenye milima na mito, ambamo kila mtu hujenga atakacho.

"Mimi si mtoto," fundi akasema.

"Najua, Baba. Hebu tazama hiki tu." Ndani ya gemu akabandika swichi ukutani, akatandaza uzi wa umeme sakafuni, mwisho wake akaweka taa. Akabonyeza. Taa ikawaka.

Fundi akasogeza kiti.

Kilichomteka ni kwamba humo ndani mkono wake haukuwa na kosa. Ukitetemeka usitetemeke, kitofali kilikaa mraba mahali pake. Na siku ya tatu alikwisha kujua anachokitaka. Alipokuwa kijana aliitwa kwenye ofisi moja kubwa kurekebisha soketi, akaiona kompyuta kwa mara ya kwanza maishani: boksi la rangi ya maziwa, maandishi ya kijani, feni inanguruma. Aliponyoosha mkono aiguse, msimamizi akamwambia, "Wewe shughulika na ukuta."

Ile ndiyo aliyoamua kuijenga. Mtaa mzima ulijua kwamba Fundi Waya anatengeneza vitu, lakini neno hilo lina sura mbili, na yeye maisha yake yote alikuwa ameishi kwenye moja: kukirudishia uhai kitu kilichoundwa na mwingine. Kuunda chake mwenyewe, hakuwahi.

Ilimchukua miezi mitano, kila siku baada ya chai ya asubuhi. Alianza na lango moja: swichi mbili na taa, na taa isiwake mpaka swichi zote mbili ziwashwe. Likaja la pili, la kumi. Malango yakashikana yakawa chumba cha kujumlisha. Vyumba vinane kwa safu, nyuma yake ghala la kumbukumbu, na mbele, boksi la rangi ya maziwa lenye kimo cha ghorofa, na skrini ya taa za kijani.

Siku ya kujaribu, akaiuliza mbili na moja. Tatu. Tatu na nne. Saba! Alipiga ukelele hadi Mama Pacha akaja mbio akidhani ameungua. Kisha saba na tano.

Nne.

"Nne?" binti akauliza kwenye simu.

"Nne. Mpaka saba ina akili timamu. Ikivuka saba, inasahau kubeba moja kwenda chumba cha nne, na huko moja ni sawa na nane."

"Nikutafutie jibu mtandaoni?"

"Thubutu!"

Redio alikuwa akiichungulia kwa nje. Hii aliingia ndani yake kwa miguu. Kwa siku mbili alitembea baina ya kuta, akiufuata uzi mmoja baada ya mwingine. Umeme wa ulimwengu ule hufika hatua kumi na tano, kisha hufa. Uzi wa kubeba moja kutoka chumba cha tatu kwenda cha nne alikuwa ameuzungusha nyuma ya nguzo, na alipouhesabu, ulikuwa na hatua kumi na sita. Hatua moja tu! Akapachika katikati kitofali cha kuongeza nguvu, akarudi mbele ya boksi, akauliza tena saba na tano.

Kumi na mbili.

Safari hii hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma upya ile kumi na mbili.

Mama Pacha akaja na swali lake. Alikuwa na oda ya mashati thelathini na manne, kila moja vifungo saba. Mashine ikaanza kujumlisha saba juu ya saba, taa zikikimbizana ukutani. Dakika nzima ikapita, nusu nyingine ikafuata, ndipo skrini ikaandika mia mbili thelathini na nane.

"Mimi ningekuwa nimeshamaliza," akasema Mama Pacha.

"Wewe ni mwepesi zaidi, sikatai. Lakini wewe sikukuunda mimi."

Mama Pacha akacheka hadi akakaa chini. Jioni, kila jirani aliyekuja kuchukua nguo alisimuliwa habari za mashine kabla hajapewa shati lake.

Jumatano binti akawaingiza wanafunzi wake wote kwenye ulimwengu ule, kila mmoja kwa kompyuta yake chuoni. Fundi alikuwa sebuleni, akiwasikia kwenye spika. Wakatawanyika ndani ya mashine. Mmoja akasimama kando ya uzi wa kubeba moja. Umeme ukapita miguuni pake, akapiga yowe la furaha.

"Mzee, haya umesomea wapi?" mwingine akauliza.

"Ndani ya vitu vilivyoharibika," akajibu.

Wakaanza kupiga makofi. Juu ya makofi ikasikika sauti ya mwalimu wao: "Huyo ni baba yangu mzazi."

Mkuu wa chuo aliomba somo hilo liwe la kila wiki. Jumatano iliyofuata, Fundi Waya alivaa shati lililopigwa pasi, ingawa hakuna ambaye angemwona, akaketi mbele ya skrini nusu saa kabla ya wakati.