Mpira wa Msumeno Namba Nne

Ijumaa, tarehe 3 Novemba, saa tisa na dakika tano alasiri, Sixten Rydh alifungua mlango wa chini wa msumeno wa ukanda namba nne katika kiwanda cha viti huko Småland, Sweden. Alikuwa amezikwa tarehe 6 Oktoba. Alichomoa waya wa umeme ukutani, akalegeza ukanda wenye meno, akautoa na kuutundika. Kisha akazungusha gurudumu kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akashikilia brashi juu ya mpira uliovikwa gurudumu hilo. Utomvu wa msonobari ulioshikamana na vumbi la mbao ulibanduka vipande vipande.

Binti yake Hillevi, aliyepewa mashine hiyo baada ya mazishi, alisogea kando ili asimzibie mwanga.

"Maji ya sabuni yako wapi?" Sixten aliuliza.

"Hakuna, Baba. Wameleta tineri."

"Tineri inaua mpira. Nenda jikoni kachukue sabuni ya vyombo."

Jikoni alikuwemo Tage wa mashine ya randa, akila andazi la mdalasini huku akisubiri mvua ipungue.

"Mzee karudi?"

"Yuko namba nne."

"Si alisaini hadi Krismasi? Yule akisaini, anakuja. Mimi nikifa, msihangaike kunitafuta."

Kila mashine ilikuwa na kadi ya usafi, yenye kisanduku kwa kila Ijumaa. Zamani nusu saa ya mwisho ya Ijumaa ilitengwa kwa kazi hiyo. Mwezi Machi, Torgny, meneja wa uzalishaji, aliifuta nusu saa, kadi hakuziondoa. Wafanyakazi wa pale hawawezi kuvumilia kisanduku kitupu, kwa hiyo katika wiki ya mwisho kabla ya likizo ya Julai walipitisha kalamu mezani wakati wa kahawa, wakasaini kadi zote hadi tarehe 22 Desemba. Sixten alisaini kama wengine.

Tarehe 14 Septemba ukanda wa namba nne uliteleza juu ya mpira uliokakamaa, ukaruka, ukakatika, ukampata shingoni. Taarifa ya ajali ilisema mwendeshaji alithibitisha kwa saini usafi ambao hakuufanya. Sentensi ya mwisho ilikuwa: "Chanzo ni uzembe wa marehemu." Hillevi alikuwa ameandika barua mbili akitaka sentensi hiyo ifutwe. Hakuomba kitu kingine.

Sixten alikuja tena tarehe 10, na tena tarehe 17. Siku hiyo ya 17 alikuwepo Solveig, mkaguzi aliyetumwa kwa sababu ya barua ya pili. Alimkuta Sixten mkono wake ukiwa ndani ya mashine hadi kwenye kiwiko.

"Unafanya kazi hapa?"

"Nilifanya hadi Septemba."

"Jina?"

Alimtajia. Solveig alipekua karatasi zake. "Wewe ndiye marehemu."

"Ndimi."

"Muda wa usafi aliufuta nani?"

"Torgny. Nilimwambia mpira umeanza kukakamaa. Akasema nipitishe tineri, ni dakika mbili tu."

Torgny alikuwa amesimama karibu, mikono mifukoni. "Lakini Sixten, si ulisaini?"

"Nilisaini."

Solveig aliyaandika yote. Alibonyeza mpira kwa ukucha, ukabonyea, ukarudi. Alitazama saa yake Sixten akisafisha, tangu gurudumu la kwanza hadi la pili: dakika ishirini na tano, zote baada ya kengele ya kutoka. Alimshukuru Sixten kwa ushirikiano wake.

Jibu lilifika tarehe 4 Desemba. Maelezo ya marehemu hayakuweza kuzingatiwa, kwa kuwa alishaondolewa kwenye daftari la wakazi. Hali ya mashine ilizingatiwa: mpira ulikuwa safi, laini, hauna ufa. Na kwa kuwa usafi huo unafanyika bila kupunguza muda wa uzalishaji, imethibitika kwamba ungeweza kufanyika hata kabla ya ajali. Chanzo kilibaki kama kilivyoandikwa.

Torgny alibandika nakala juu ya birika la kahawa. Siku iliyofuata alikusanya kadi za mashine zote sita na kuzitundika kwenye namba nne, zimsubiri Sixten.

"Angalau kapandishwa cheo," Tage alisema. Hillevi alimtazama, na Tage akaweka kikombe chake mezani. "Samahani."

Ijumaa, tarehe 8 Desemba, Sixten alipokuja, Hillevi alikuwa ameegemea mlango wa mashine.

"Baba, acha. Kila ukisugua unawapa ushahidi."

"Najua. Nimeisoma barua."

"Basi nenda kapumzike. Mpira ukakamae, waone wenyewe."

"Jumatatu kwenye namba nne yuko nani?"

Hillevi alikunja kitambaa alichoshika mkononi.

"Nimekuuliza, binti yangu."

"Mimi."

"Haya, sogea. Nipe kitambaa."

Alimpa. Sixten alisafisha gurudumu la chini, kisha la juu. Alipapasa mpira mzunguko mzima kutafuta ufa, asiuone. Alirudisha ukanda lakini hakuukaza, ili mpira usipate bonde mwisho wa wiki. Kisha alibeba ndoo yake akaenda kwenye namba tano.

Jumatatu, tarehe 11 Desemba, saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili asubuhi, Hillevi aliukaza ukanda na kuwasha msumeno. Ukanda ulikaa katikati ya mpira. Hadi wakati wa kahawa alikuwa amepasua mbao mia moja na kumi.