Swali Ambalo Njoki Hakulisikia

Muchiri aliendesha trekta katika shamba la ngano karibu na Timau, na ndiye aliyenyunyizia dawa za wadudu. Kwa hiyo alipoanza kutapika na kuvimba miguu, binti yake Njoki alimkimbiza hospitali moja mjini Nanyuki akiwa na jibu tayari.

"Ni hizo dawa za shamba," alimwambia daktari Ngendo. "Zimeua figo zake."

Vipimo vya damu vilionyesha figo zimekaribia kusimama. Mwezi uliopita, alipopimwa kliniki ya presha, zilikuwa nzima. Madini ya potasiamu katika damu nayo yalikuwa yamepanda kiasi cha kuweza kusimamisha moyo. Nesi Gatimu alimdunga sindano ya kuukinga, na ambulensi ikaitwa impeleke Nyeri akasafishwe damu.

Ngendo hakuridhika. "Mzee, wiki hii umekunywa dawa gani?"

"Ya homa tu. Nilinunua duka la dawa pale mjini Chaka."

"Na mkojo?"

Muchiri alimtupia Njoki jicho, kisha akageukia ukuta. "Uko sawa."

"Dada, tupishe kidogo," Ngendo alisema.

"Siendi mahali. Huyu ni baba yangu."

"Dakika mbili tu. Tafadhali."

Mlango ulipofungwa, Ngendo alifunua blanketi na kuweka mkono chini ya kitovu. Palikuwa pagumu, pametuna. Muchiri aliguna kwa uchungu.

"Mara ya mwisho kukojoa vizuri ilikuwa lini?"

Muchiri alilivuta blanketi ajifunike. Mashine iliyopima moyo wake ilianza kupiga kelele.

"Mzee, niambie!"

"Jumatatu," alinong'ona. "Sasa ni matone tu. Nitasemaje hivyo mbele ya mtoto wangu?"

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Ngendo akaelewa: tezi dume iliyovimba ilikuwa imebana njia ya mkojo kwa muda mrefu, na dawa ya homa, ambayo hukaza misuli ya hapo, ikaifunga kabisa. Mkojo uliokwama ndio uliokuwa ukiziumiza figo, si dawa za shamba.

"Mpira wa kutoa mkojo, haraka!" Ngendo aliagiza.

Gatimu alijaribu kuupitisha, ukakwama. Jasho likamtoka. Mara ya pili ukapenya, na mkojo ukamiminika kwenye mfuko wake: lita moja, kisha karibu mbili. Muchiri alifumba macho, machozi yakimtiririka.

Kufikia Jumamosi figo zilikuwa zinarudi kufanya kazi, ingawa polepole, na tezi ingehitaji upasuaji. Kusafishwa damu kule Nyeri hakukuhitajika tena.

Njoki alikaa kando ya kitanda, hasira na nafuu vikimshika kwa pamoja. "Siku tatu, baba? Si ungeniambia?"

"Nilishindwa kuanza," alisema Muchiri.

Njoki akamshika mkono.