Matone Tisini na Tisa

Kila Jumatatu asubuhi, kabla wagonjwa hawajajaa kwenye benchi, Nesta alitengeneza dawa. Alidondosha tone moja la dawa mama, ile kali ambayo haijapunguzwa, kwenye kichupa, akaongeza matone tisini na tisa ya maji yaliyochanganywa na spiriti, akafunga kizibo, kisha akakigonga kichupa mara kumi juu ya Biblia ya marehemu baba yake, yenye jalada la ngozi. Akachukua tone moja la mchanganyiko huo na kuanza upya kwenye kichupa kingine. Alirudia hivyo mara thelathini. Mwisho alinyunyizia maji hayo kwenye punje za sukari, akazianika dirishani. Kazi hiyo alijifunza Mbeya, semina ya wiki mbili, na mwalimu aliwaambia kwamba dawa hii kadiri unavyoipunguza ndivyo nguvu zake zinavyozidi. Watu wa Hasamba hawakubishana naye. Hata pilipili, walisema, si kubwa.

Masharti yalikuwa machache. Punje haziguswi kwa mkono. Zinamiminwa kwenye kizibo, zinatupiwa chini ya ulimi, zinaachwa ziyeyuke zenyewe. Usipige mswaki kwa dawa ya meno yenye mnanaa. Zaidi ya yote, usinywe kahawa wala usiishike, maana kahawa inaiua dawa. Kutoa sharti kama hilo Hasamba, ambako mibuni inaanzia mlangoni, kulihitaji moyo mgumu, na Nesta alikuwa nao.

Mwezi wa saba, mavuno yakiwa yamepamba moto, Erica alimleta mwanawe. Erica ni mke wa Watson, na Watson ni mtoto wa kaka yake Nesta, kwa hiyo hakupanga foleni. Mtoto aliitwa Lusungu, miezi minane, na homa yake ilikuwa ya siku tatu. Nesta alimgusa paji la uso, akamfunua kope, akatazama viganja. Vilikuwa vyeupe. Nesta aliwahi kufanya usafi zahanati kwa miaka sita, na watoto wenye viganja vya namna hiyo aliwajua: hao hukimbizwa wakaongezewe damu, wala hawasubiri kesho. Alijua hapo hapo.

Lakini siku hiyo mwalimu wa Mbeya alikuwa ameketi pale kwenye kiti chenye mto, amekuja kumwona mwanafunzi wake bora akifanya kazi. Benchi limejaa. Nesta aliona haya kumtuma mgonjwa wake wa kwanza zahanati mbele ya mgeni. Akatoa punje tatu za beladona, dawa yake ya homa, akamwambia Erica arudi kesho. Erica alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye mashine ya kumenyea kahawa, mikono inanata utelezi, na kizibo kilipomponyoka akazidaka punje kwa kiganja. Mwalimu akatikisa kichwa. Mtoto akapewa dawa.

Lusungu alifariki alfajiri.

Msibani, mzee wa kanisa Alinanuswe alipita na daftari lake akiandika wasifu wa marehemu, kama ilivyo desturi: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, aliugua nini, alitibiwaje. Alipofika kwa Nesta aliuliza ilikuwaje. Nesta aliinua macho, akawaona wanawake wote wamenyamaza kumsikiliza.

"Mama yake alishika kahawa," alisema.

Mzee akaandika. Ikasomwa kaburini kwa sauti, baada ya tarehe ya ubatizo na kabla ya wimbo. Na pale kwetu neno lililosomwa kaburini ndilo neno. Halifutwi na kikao, wala na mchungaji. Aliyelileta tu ndiye anayeweza kulirudisha, asimame mbele za watu, aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba alisema uongo.

Tangu siku ile Erica hakuruhusiwa shambani wakati wa mavuno. Hakuna aliyemtukana. Akipakata mtoto wa mtu, mwenye mtoto alikuja taratibu, akaulizia habari za nyumbani huku anamchukua. Watson alivuna peke yake. Nesta aliyaona yote hayo kutoka dirishani kwake, na moyo ulimsuta. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani. Aibu yenyewe haikumfungua kinywa.

Dawa ndiyo iliyoanza kusema.

Wiki mbili baada ya kuanua matanga, mzee Osea alikuja na magoti yake. Alitupia punje tatu chini ya ulimi, akafumba macho zikiyeyuka, kisha akasema kwa sauti ya Nesta, ile ile yenye mkwaruzo kidogo, "Haikuwa kahawa." Akameza mate. Halafu kwa sauti yake mwenyewe akauliza kama maharage yanaruhusiwa.

Nesta alimwambia yanaruhusiwa.

Mama Anyitike, aliyekuwa wa pili kwenye benchi, alisema zake za wiki iliyopita zilikuwa hivyo hivyo, maneno yanamtoka wakati anakamua ng'ombe. Ng'ombe hakujali. Mwingine akasema mumewe anayasema kanisani wakati wa ungamo, na kwa kuwa yamekaa kiungamo hakuna aliyemsumbua. Wakakubaliana kwamba kila dawa ina madhara yake madogo, na hii walau haiumizi tumbo.

Baada ya mwezi watu walijua ipi inasema nini. Punje kavu zilitoa maneno mawili matatu basi. Zikiyeyushwa kwenye glasi ya maji na kukorogwa, kijiko kimoja kila saa, sentensi ilitoka nzima: haikuwa kahawa, niliona viganja. Aliyenusa tu chupa alinong'ona. Iliyopakwa gotini haikusema chochote, ila goti liliwasha kila Nesta alipopita. Mtoto Gwalugano, wa miezi mitano, aliyesumbuliwa na meno, alilambishwa tone moja, akamtazama mama yake na kusema vizuri kabisa, "Nilijua," kisha akarudi kunyonya. Mama yake alifurahi. Alisema huyu atakuja kuwa mchungaji.

Na wagonjwa walipona kama walivyokuwa wakipona zamani, yaani wengine ndiyo, wengine hapana.

Nesta alibadili maji. Aliacha ya bomba akachota ya chemchemi. Aliacha ya chemchemi akaagiza ya kiwandani kutoka Tunduma, katoni nzima. Akaiweka Biblia kando akawa anagonga chupa kwenye kiganja chake, hadi kiganja kikavimba. Maneno yalikuja vile vile. Hapo akaamua kuyapunguza. Tone moja, matone tisini na tisa, mara thelathini, mara hamsini, mara mia mbili, mpaka isibaki hata chembe ya lile alilolifanya. Alikesha siku tatu usiku na mchana kwenye kazi hiyo, na katika siku zote tatu hakukumbuka somo alilofundishwa la kwanza.

Mteja wa kwanza wa dawa hiyo, kijana wa bodaboda wa Nanyala mwenye mafua, alisema bila kupumzika kutoka Hasamba hadi barabara kuu. Alisema rangi ya kisweta cha Lusungu. Alisema kiti chenye mto na nani alikikalia. Alisema, "Nilimwonea haya mgeni kuliko nilivyomhurumia mtoto." Abiria wake alimwambia apunguze mwendo kwenye kona.

Kwa hiyo wilaya nzima ilijua. Mchungaji alijua, kwa sababu ya kikohozi chake. Mzee Alinanuswe alijua, kwa sababu ya shinikizo la damu, na alipoulizwa kama sasa atasahihisha daftari alijibu kwamba daftari haliandiki maneno ya dawa. Linaandika ya mtu. Nesta mwenyewe akija, alisema, kalamu ipo. Wanawake waliyasema maneno ya Nesta asubuhi na jioni kwa kijiko, na katikati ya hapo wakaendelea kumchukua mtoto mikononi mwa Erica, taratibu.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikiwa zimeshika, Erica mwenyewe alikuja. Ilikuwa saa tisa alasiri na kwenye benchi walikuwepo watu watatu. Alisema ana ujauzito wa miezi mitatu na hapati usingizi.

"Karibu, mama Lusungu," alisema Nesta, maana ndilo jina lake, na hakuna aliyempa jingine.

Angeweza kusema dawa imekwisha. Vichupa vilikuwa vimejipanga pale rafuni vinaonekana. Akadondosha punje mbili kwenye glasi, akakoroga mara kumi, akampa kijiko. Erica akanywa. Akakaa na maji mdomoni kama anavyotakiwa, akameza, na sauti ya Nesta ikatoka kinywani mwake, yote, tangu viganja hadi kaburini, haikuruka kitu. Nje kwenye benchi walimaliza kusikiliza kwa heshima.

Erica akajifuta midomo kwa ncha ya khanga.

"Hayo nimeshayasikia, shangazi," alisema kwa sauti yake. "Kwa mzee Osea. Kwa mtoto Gwalugano. Hata Watson ameyasema, usingizini. Sikufuata hayo. Nimekuja uniambie wewe."

Nesta alihisi maneno yamefika kooni. Yalikuwa machache, mtoto wa miezi mitano aliyaweza. Mlango ulikuwa wazi, mashahidi watatu wapo, na mzee Alinanuswe, kwa bahati, alikuwa mmoja wao, na kalamu mfukoni mwa shati. Alimtazama Erica tumbo, ambalo lilikuwa bado halijaonekana. Akalia, machozi mengi tu, na Erica akamsubiri alie amalize.

"Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni," alisema Nesta. "Na kahawa usiishike."

"Haya, shangazi," alisema Erica. "Asante."

Akaifunga chupa ya dawa aliyopewa kwenye pindo la khanga, akawaaga wa kwenye benchi. Nyumbani kwa Watson, ukikatiza katikati ya mibuni, ni mwendo wa dakika tano. Erica alizunguka kwa barabarani, kwenye tope, karibu nusu saa, mikono ameikunja kifuani asije akagusa jani.