Pakua Basi!

Fundi cherehani alikuwa amepakata kishikwambi chake kipya, meno yote nje. Aliapa kuweka programu za maana tu: kamusi, na ile ya kuchorea mishono.

“Na huu mchezo wa mgahawa, shangazi? Pakua!” binti wa kaka yake akamchochea.

“Mimi na michezo wapi na wapi?”

“Shangazi, pakua basi!”

Akapakua. Punde si punde wote wawili walikuwa wanakaanga na kuwaandalia wateja wa kwenye kioo, wakicheka mpaka mbavu zinawauma.

Mumewe, aliyesikia “pakua, pakua” kutoka chumbani, akatokea na sahani, mikono ameshanawa.

“Haya, chakula kiko wapi?”

Jikoni hata moto haujawashwa. Fundi hakuinua macho.

“Panga foleni, mume wangu. Kuna wateja sita mbele yako.”