Anayeitika Badala Yetu

Kabla hamjasema mzee huyu ameanza kuona mauzauza, jueni kwamba kichwa changu ni kizima. Nakumbuka hata rangi ya shati la msimamizi aliyetuambia kwamba viti vinaleta uvivu. Lilikuwa la kijivu, limetoboka kwapani. Kwa neno lake hilo tulisimama mbele ya mashine za kufuma nguo miaka ishirini na sita. Kiwanda kikafungwa, wenyewe wakaondoka na mashine zao, sisi tukabaki kwenye nyumba za wafanyakazi na miguu iliyovimba. Mwenye sukari ana sukari, mwenye presha ana presha. Halafu zahanati ikatuletea nesi, binti mdogo, akatuambia tutembee.

"Mwanangu," nikamwambia, "walitusimamisha mpaka magoti yakaoza, leo nyinyi mnatuambia tutembee?"

"Ndiyo, baba," akajibu bila kupepesa macho. "Tena msitembee mmoja mmoja. Mtu peke yake anaamka siku tatu, ya nne anavuta shuka. Mkiwa kundi mtaoneana haya."

Nilikuwa na maneno ya kumjibu. Ninayo siku zote, ndiyo maana wananiita Kipaza. Lakini pale benchi alikuwa amekaa dada yangu. Amenizidi miaka sita, anaishi peke yake chumba cha mwisho cha safu ya tatu, na moyo wake daktari alishausema: usipotembezwa kidogokidogo, siku moja utasimama. Nikameza maneno yangu. Sina ndugu mwingine.

Tukawa watu kumi. Tulitoka alfajiri, giza bado halijaisha, tukizunguka ukuta wa kiwanda. Hatukukusanyika mahali pamoja. Mstari ulipita mbele ya nyumba na kila mtu alitoka mlangoni kwake akaingia. Nyuma ya kiwanda kuna bwawa walilokuwa wakimwagia maji ya rangi, na ukungu wake ni mzito hata mgongo wa mwenzako huuoni. Kwa hiyo tukarudia desturi yetu ya kazini: kila mtu na namba yake. Tukifika kona ya bwawa, aliye mbele anasema "Hesabu," na kila mmoja anaita namba yake. Asiyeitika, kundi zima linakwenda kumgongea.

Sheria hiyo niliileta mimi, kwa sababu ya Kasuku.

Kasuku alikuwa mwenzetu wa zamu. Alikufa chumbani kwake mwaka mmoja kabla ya nesi kuja, tukajua siku ya tatu. Watu tuliochota maji bomba moja ujana wetu wote, mwenzetu amelala sakafuni siku tatu na sisi kila mtu amejifungia kwake. Hilo sijasamehe, na wa kwanza nisiyemsamehe ni mimi.

Na Kasuku ndiye aliyetusitiri sote. Msimamizi alipoita majina asubuhi, ukiwa umechelewa, una mtoto mgonjwa, au pombe ya jana haijatoka, Kasuku alikuitikia. Alikuwa na sauti za watu wote, wanaume kwa wanawake, na kikohozi juu. Msimamizi aliandika bila kuinua kichwa.

Miezi minne ilikwenda vizuri. Miguu ya Dada ikapungua uvimbe. Majirani wawili walionuniana kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo wakaanza kugombana tena kwa maneno, jambo ambalo ni afadhali. Nesi alikuja kila Jumatatu na kipimo chake, akitusifu kama watoto wa chekechea, na sisi wazima tukafurahi.

Kisha asubuhi moja Mshonaji, fundi wetu wa nguo, aliyekuwa wa mwisho kwenye mstari, akauliza, "Nani yuko nyuma yangu?"

"Wewe ndiye wa mwisho," nikamwambia.

"Ndiyo maana nauliza."

Watu wakacheka. "Ni kitambi chako kimebaki nyuma," mmoja akasema. Mshonaji hakucheka. Kesho yake nikakaa nyuma mimi. Tulipopinda kwenye bwawa nikasikia ndala zinaburutwa, taratibu. Nikasimama, zikasimama. Ikanijia harufu ya mafuta ya mashine, na mashine ziliondoka miaka kumi na moja iliyopita. Mimi niliyesimama mbele ya virungu vya polisi langoni pale siku ya mgomo, shingo ilikataa kugeuka.

Sikumwambia mtu. Kosa langu la kwanza.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa mbele. Ukungu ulikuwa kama pamba iliyolowa. "Hesabu," nikasema. Moja, mbili, tatu. Nne ni Dada. Nikamsikia anakohoa kidogo kusafisha koo, kama kawaida yake, kisha "Nne." Mpaka kumi. Wote tupo. Tukaendelea, na Mshonaji akaanza kutusimulia ya mteja anayelaumu suruali badala ya kulaumu tumbo.

Tulipotokea langoni ukungu uliisha. Nikageuka. Vichwa tisa, pamoja na changu.

"Dada yuko wapi?"

"Si ameitika," Mshonaji akasema. "Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Mbele yangu kulikuwa na mtu," jirani mmoja akasema polepole. "Nilikuwa nafuata hatua zake."

Hakuna aliyetaja jina. Tulitazamana tu, wazee watupu, kila mmoja akijua ni nani aliyewahi kumwitikia. Kisha tukakimbia. Nesi alikuwa ametukataza kukimbia.

Mlango wa Dada ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mshonaji aliuvunja kwa bega. Dada alikuwa chini, kati ya kitanda na beseni, midomo imebadilika rangi, macho wazi. Akanitazama. Tukaung'oa ule mlango, tukamlaza juu yake, tukambeba wanane mpaka zahanati huku mmoja ametangulia kumwamsha nesi.

"Nusu saa nyingine, baba," nesi aliniambia baadaye, "ningekuwa nakupa pole."

Siku ya pili Dada akaweza kusema.

"Mliponipita nilikuwa chini tayari. Nikaita, nikasema nisaidieni. Nje ya mlango sauti yangu mwenyewe ikasema, 'Nipo.' Nikaita tena. 'Nipo, nipo.' Hakuwa na ubaya, mdogo wangu. Alikuwa mpole, kama mtu anayekusitiri usiandikwe mtoro."

Ndipo nikaelewa tulichofanya. Tulimwacha Kasuku siku tatu sakafuni, halafu tukaenda kuita hesabu kwenye ukuta ule ule. Angefanya nini zaidi ya alichokuwa akitufanyia siku zote?

Nilikwenda kwenye kona ya bwawa peke yangu. Nikamwambia kwamba msimamizi hayupo, kiwanda hakipo, hakuna anayetuandika. Nikamwomba radhi. Nikamwambia sasa mtu asipokuwepo tunataka tujue hayupo.

Hatuhesabu tena kwa sauti. Tunagonga kila mlango na hatuondoki mpaka mwenyewe atoke tumwone uso. Kwenye kona kila mtu anamshika mkono aliye nyuma yake. Wiki sita za kwanza Dada alitembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, tukimngoja tisa nje kwenye vumbi. Sasa anafika kwenye bwawa.

Mimi nakaa wa mwisho kila siku, naye mbele yangu. Juzi ndala zikaja karibu kuliko siku zote. Kisha nikasikia sauti yangu mimi, na mdomo wangu umefumba, ikimwambia kwa huruma, "Dada, umechoka. Kaa hapa upumzike, nitakuitikia."

Alisita. Nilisikia pumzi yake.

"Ni wewe?" akauliza.

Sikuthubutu kufungua mdomo, maana angejuaje? Nikaubana mkono wake. Akapapasa vidole vyangu kimoja kimoja, akafika kwenye kile kifupi nilichokatwa na mashine. Akakishika hicho, akaendelea kutembea.