Mbweha Aliyeingia kwa Jepleting

Katika watu waliowahi kutunza mbwa wa masetla huko Molo, Mzee Kibii ndiye pekee aliyebaki hai. Kwa hiyo hoteli moja, iliyofunguliwa katika nyumba ya zamani ya setla aliyekuwa mwajiri wake, ilipotaka kuwaonyesha wageni jinsi Wazungu walivyowinda mbweha, meneja wake, Gedion, alimfuata hadi Keringet kumwalika.

Siku ilipofika, Kibii aliletwa kwa gari na mjukuu wake Chepkirui. Gedion akawapokea na koti jekundu mkononi.

"Mzee, si hii ndiyo mlikuwa mnavaa? Vaa kidogo tu, watu wapige picha."

"Hiyo nilivua mwaka wa hamsini na saba," Kibii akajibu. "Uliniitia historia. Nipe maikrofoni."

Akawaeleza wageni bila kuficha. Mbwa walikuwa arobaini, naye aliwapikia uji wa mahindi kwa pipa. Tarumbeta ikilia, wapanda farasi walimfukuza mbweha kupita mabonde na mashamba mpaka achoke, mbwa wamrarue, kisha mkia wake apewe mgeni wa heshima.

"Kazi hiyo niliijua," alisema. "Mbwa walinitii mimi kuliko setla mwenyewe."

Halafu akasimulia siku ya mwisho. Mbweha jike, tumbo zito la mimba, alikatiza shamba la wimbi la mama yake Kibii, Jepleting, akajitupa jikoni mwake. Kila mwaka farasi walikuwa wamekanyaga shamba hilo, na hakuna aliyewahi kusema pole. Jepleting akasimama mlangoni na jembe.

"Toka hapo!" setla akafoka.

Hakutoka. Akamtazama mwanawe kati ya mbwa. "Kibii, huyu ameingia kwangu, ni mgeni wangu. Ukiwaachilia hao mbwa, waanze na mimi."

Kibii alikuwa na miaka ishirini na moja, na mshahara wake ndio uliowalisha. Hata hivyo alipiga mluzi, ule wa kuwaita mbwa kwenye chakula. Wote arobaini wakageuka, wakaja wakaketi wakimzunguka. Setla alipuliza tarumbeta hadi uso ukaiva. Hakuna mbwa aliyeinuka.

Kabla ya jua kutua walikuwa wamefukuzwa kwenye ardhi ya setla, yeye na mama, na sufuria mbili na blanketi.

"Na mbweha?" mgeni mmoja akauliza.

"Alitoka tukifunga mizigo. Hata hakutuangalia!"

Watu wakacheka, naye akacheka nao.

"Hamkujuta?"

"Tulilala njaa mara nyingi. Lakini mama alitembea mbele yangu mpaka Keringet, kichwa juu, kama mtu anayetoka kuoza binti. Ningejutaje?"

Wageni wakasimama wote wakapiga makofi. Gedion alikunja lile koti, akaomba aonyeshwe mahali jiko lilipokuwa. Kibii akawaongoza taratibu hadi nyuma ya zizi la farasi, kwenye kijishamba cha viazi.

Chepkirui alikuwa akifuta machozi. "Kugo, mbona sisi wajukuu hujawahi kutuambia?"

"Mlikuwa mnaniuliza habari za Wazungu tu."

Akamtafutia babu yake kiti, akachuchumaa kando yake na kuwasha simu irekodi. "Basi leo nakuuliza habari za Jepleting," akasema. "Alizaliwa wapi?"